Shimo la chogo

Sebuleni kwangu kuna shimo ukutani. Halikuchimbwa na panya wala halikuletwa na mvua. Limejengwa kwa ramani, likapigwa lipu, likapakwa rangi, na fundi akalipwa hela yake. Upana sentimita 85, kimo 70, kina 55. Vipimo hivyo nilimtajia fundi mwenyewe mwaka 2004, futi kamba mkononi, nikasoma namba nilizoziandika kwenye kipande cha mfuko wa saruji. Enzi hizo runinga zilikuwa na chogo, na kila aliyekuwa akijenga Tabata, Kimara au Mbezi alitaka ukuta wenye mahali pa kulificha chogo hilo, kioo kibaki usawa na ukuta kama kwenye majumba ya tamthilia.

Chogo liliishi miaka sita. Lilipokufa tukanunua bapa, na bapa ikagoma kuingia, maana ni pana kuliko shimo lenyewe. Ikatundikwa ukuta wa pili. Shimo likabaki.

Tangu hapo limepangisha wengi. Spika mbili na deki. Halafu maua ya plastiki yaliyokuja na vumbi lake. Kikombe cha ushindi wa mbio za magunia, darasa la pili. Ankara za maji, chaja ambazo hakuna ajuaye ni za simu gani, nusu ya dozi ya dawa, kofia ya mgeni aliyeondoka mwaka juzi. Siku moja akaja mama mkubwa kutoka Bagamoyo. Nikamwamkia, akaitika marahaba, akaketi, akanywa maji, kisha akalikodolea macho lile shimo kwa muda mrefu.

“Mwanangu, dirisha hili mbona halitazami nje?”

“Si dirisha, mama mkubwa. Ni la runinga.”

“Runinga iko wapi?”

Nikamwonyesha ukuta wa pili. Akageuka, akaitazama, akarudi kulitazama shimo.

“Basi hili mmemjengea nani?”

Sikuwa na jibu. Kwa wiki kadhaa baada ya hapo, kila nyumba niliyoingia nikawa natazama kuta badala ya kusikiliza mazungumzo. Na ukishaanza kutazama, huachi. Mashubaka yasiyojulikana ya nini yapo kila mahali: kishubaka chembamba kando ya mlango, kirefu kama jeneza lililosimamishwa, duara la jipsamu lenye taa ya buluu iliyokwisha kuungua, ukingo mpana juu ya ngazi ambao fundi aliuacha kwa sababu mkanda wa zege ulipita hapo. Kwa rafiki yangu mmoja mwenye nyumba ya ghorofa, kwenye ukingo wa namna hiyo, mita nne na ushee kutoka sakafuni, kuna ndoo ya rangi. Mpaka rangi aliisahau wakati akishusha jukwaa lake. Ina miaka minane pale juu. Wageni hudhani ni pambo.

*

Kiswahili hakijawahi kupungukiwa na majina ya matundu haya. Bara na pwani wengi husema shubaka. Kuna rafu, kuna susu inayoning'inia kumkwepa panya, kuna dari lililokuwa juu ya mafiga katika nyumba nyingi za bara, ambako mahindi ya mbegu yalipigwa moshi mpaka dumuzi wakayakimbia. Lamu wana lao: kidaka, na kwa Kiamu vikiwa vingi ni zidaka. Neno hilohilo kwetu ni la nazi ikiwa changa kabisa, kabla haijawa kitale. Na kudaka kila mpenzi wa mpira anakujua. Sitajitia mtaalamu wa asili ya maneno, ila nikilitazama shimo langu na kila lilichokidaka kwa miaka yote hii, naona kama jina limelipata lenyewe.

Zidaka nilikwenda kuviona kwa macho yangu katika nyumba ya makumbusho ya Waswahili pale Lamu, nyumba ya karne ya 18 iliyorudishwa katika hali yake. Nyumba za aina hiyo huzielewi mpaka uzipite kwa miguu. Unaanzia kwenye daka, kibaraza cha mlangoni. Unaingia kiwanda, yaani ua ulio wazi juu. Kutoka hapo vyumba vinafuatana kimoja nyuma ya kingine, virefu na vyembamba, na sakafu inapanda kidogo kila unapoingia ndani zaidi: msana wa tini, msana wa yuu, kisha chumba kinachoitwa ndani. Wembamba wake ni wa boriti. Dari hushikwa na miti ya mikoko, na mti wa mkoko wenye nguvu ya kubeba sakafu ya mawe hauruhusu chumba kupanuka sana. Ni karibu mita tatu tu. Mwanga wote unatoka uani, kwa hiyo kadiri unavyoingia ndivyo unavyofifia.

Ukifika mwisho, pale ambapo chumba kilipaswa kukubana, ndipo ukuta unapofunguka. Umejaa zidaka, safu juu ya safu, kutoka kimo cha kiuno hadi karibu na boriti, kila kimoja na kitao chake juu, kingo zake zimechongwa kwa lipu ya chokaa. Nilijaribu kuvihesabu nikapotea mara mbili. Kila tundu lina kivuli chake, na vivuli hivyo vikijipanga, ukuta unaonekana kama unaendelea kwenda mbele. Chumba chembamba kinapumua. Hakuna rangi zaidi ya weupe wa chokaa. Rangi ililetwa na vyombo: sahani na mabakuli ya Uchina, ya kijani iliyofifia na ya buluu juu ya nyeupe, na baadaye mabakuli ya Ulaya yenye maua ya kugonga muhuri. Vitabu navyo vilikaa humo.

Jambo lililonishika ni ukubwa. Kidaka kimoja kinaingia bakuli moja na mkono wa kulitoa. Basi. Hakuna shimo pale la kumfanya mtu aulize litiwe nini. Aliyejenga alikijua chombo kabla ya kuujua ukuta, au tuseme aliijua familia ya vyombo. Bakuli likivunjika, linalofuata lina kimo kilekile, na kidaka hakibaki yatima. Mimi nilijenga kwa runinga moja ya mwaka mmoja.

Vyombo hivyo havikuwekwa kwa ajili ya macho tu. Linda Donley-Reid, mtafiti aliyeandika juu ya nyumba za Lamu miaka ya 1980 na baadaye, alieleza kwamba watu waliamini sahani ya kaure humkinga mtu na jicho baya. Husuda ikiingia ndani hupokewa na sahani, nayo hupasuka badala ya mwenye nyumba kudhurika. Aliihusisha sehemu hiyo ya ndani kabisa na mambo mazito ya nyumba, uzazi na kuoshwa kwa maiti, mahali palipohitaji ulinzi kuliko sebule yoyote. Ukilifikiria hilo, ukuta wa zidaka ni safu ya askari. Kabati la vioo la mama zetu, lile la vyombo vya wageni ambavyo wageni wenyewe hawajawahi kuvitumia, lina ukoo wa mbali na ukuta ule.

Kwa sisi wa Dar es Salaam, hatuhitaji hata kwenda Lamu. Nendeni Kunduchi, kwenye magofu. Makaburi ya nguzo yaliyopo pale yalipachikwa sahani za Kichina kwenye lipu. Nyingi zimeng'olewa. Kilichobaki ni alama ya duara, kisahani cha kivuli mahali ambapo sahani ilikuwa. Nilisimama mbele ya duara mojawapo nikaona haya kidogo, maana nilikumbuka shimo la chogo.

Na mshairi alikwisha kuliona hili zamani. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, anapotaka kutuonyesha jinsi mji wa Pate ulivyokwisha, haanzi na kuisha kwenye makaburi na majeshi. Anaingia majumbani, anatazama matundu ya ukutani yaliyopangwa vyombo, na anawakuta ndege wamezaliana humo. Angeweza kuchagua kitu kikubwa zaidi. Alijua msomaji wake atashtuka kwa hicho, kwa sababu kila msomaji wake alikuwa na kidaka nyumbani.

*

Sasa turudi kwenye nyumba zetu, na kwanza tuseme kwa nini mashubaka yetu ni korofi. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa una unene wa karibu nusu mita. Ukuta kama huo unaweza kulimeza shubaka bila kutoa sauti. Tofali letu la inchi sita lina sentimita 15. Shimo la kina cha sentimita 55 haliwezi kukaa ndani ya sentimita 15, hesabu hiyo hata mtoto wa kile kikombe cha mbio za magunia anaiweza. Kwa hiyo shimo langu, upande wa pili, ni nundu. Chumbani kwetu kuna sanduku la zege limetoka ukutani kwa sentimita 40, na mke wangu ameligonga kwa kiwiko kila mwezi tangu tuhamie. Chogo la runinga halikufichwa kamwe. Lilihamishiwa chumbani, tena likabaki huko baada ya runinga yenyewe kufa.

Juu ya nundu hiyo ndipo ulipo ukingo wetu wa kwanza. Nguo zilizoanuliwa na kusubiri kukunjwa hukaa hapo. Sijui nyumba isiyo na ukingo wa namna hiyo, na nimekata tamaa ya kuupamba.

Mafundi wa siku hizi hukwepa nundu kwa kuujenga ukuta wa uongo wa jipsamu mbele ya ukuta wa kweli, kisha wakalikata shubaka humo. Inafanya kazi, mradi ujue mambo mawili. Jipsamu haipendi maji, kwa hiyo usiiweke mahali ambapo ukuta wa nyuma unavuja masika. Na haibebi uzito kama ionekanavyo. Mtungi wa udongo wenye kilo kumi unahitaji fremu ya mbao au chuma nyuma yake, na fundi aambiwe kabla, maana baada ya kupaka rangi atakwambia tu “hakuna shida, bosi”.

Jikoni ndiko kwenye ukingo mgumu kuliko wote. Kabati za juu hukoma kabla ya dari. Zangu zimeacha sentimita 45. Watu huzipanga humo sufuria za pilau, mabuli, vikapu, majani ya zabibu ya plastiki. Tatizo ni mvuke wa mafuta. Kila unapokaanga samaki, mafuta hupanda na hewa ya moto, hugusa sehemu ya juu iliyo baridi, yanatua, na vumbi likija linakuta gundi tayari. Baada ya miezi mitatu unapata ngozi ya rangi ya chai isiyotoka kwa kitambaa kikavu. Majani ya plastiki yakishaivaa ngozi hiyo hayasafishiki tena, yatupwe. Mimi nilijifunza dawa kwa jirani yangu mmoja mama lishe: tandika magazeti juu ya kabati, yakunje kwa ndani yasionekane, na uyabadilishe kila mwisho wa mwezi. Mafuta yote yanabaki kwenye karatasi. Kwa hiyo ukimaliza kusoma makala hii, unajua pa kuipeleka.

Juu ya magazeti hayo weka vitu vichache vinavyooshwa kwa maji moto na sabuni bila kulia: sinia ya bati au shaba imesimamishwa, birika kubwa, buli la enameli. Vikapu vya ukili visikae hapo. Vinakunywa mafuta na harufu, na baada ya mwaka kikapu kizuri kinanuka perege.

Juu ya kabati la nguo siongelei. Ni makao ya masanduku ya safari, na katika nchi nzima hayajawahi kuhama.

Ule ukingo wa juu ya ngazi, wa ndoo ya rangi, una kanuni yangu moja tu niliyoitoa kwenye maumivu ya mgongo: kama huwezi kufika kwa ngazi iliyopo nyumbani, ukiwa na mtu wa kuishika chini, usiweke kitu. Vumbi halitafutwa kamwe, nyigu watajenga, mjusi kafiri atataga, na siku ikitokea kitu kikaanguka kitaanguka kutoka mita nne. Nimeona watu wakiweka maua hai huko. Mani planti huvumilia mwanga hafifu na huning'iniza shina zake vizuri, hilo ni kweli, lakini linataka maji, na maji hayapandi ngazi yenyewe. Mwezi wa kwanza unapanda kila wiki. Mwezi wa nne unalimwagia ukiwa umesimama kwenye kiti, nusu inaingia kwenye chungu na nusu inateremka ukutani ikichora mchirizi wa kahawia ambao mpaka rangi atakuja kuulipisha.

Kama unafika, basi kuna kitu kimoja ambacho wengi hukikosea, nami nilikikosea kwa miaka. Tunapamba ukingo wa juu tukiwa tumesimama juu ya ngazi, macho usawa na kitu. Tunashuka, na kitu kimepotea. Kutoka chini ukingo wenyewe humeza miguu ya kila kilicho juu yake. Ukiwa karibu na ukuta humeza hadi kiunoni. Vinyago vidogo vitano vilivyopangwa kwa upendo vinageuka vichwa vitano vinavyochungulia kama watu waliokwama kwenye dimbwi. Niliwahi kununua chungu cha Ikombe, wale akina mama Wakisi wa kule Kyela, mwambao wa Ziwa Nyasa, wanaofinyanga vyungu vyao vyenye rangi ya udongo mwekundu na michoro myeupe. Ni chungu kizuri kweli, tumbo pana, shingo fupi. Nilikiweka juu ya ukingo wa korido, na kutoka chini nikaona kofia ya kahawia. Nikapanda tena na matofali mawili, nikayafunga kwa kitambaa cheusi, nikakikalisha chungu juu yake, na kukisogeza mbele hadi kiganja kimoja kutoka ukingoni. Ndani yake nikamimina mchanga kiasi cha bakuli mbili, ili paka akipita asikitikise. Nikashuka. Chungu kizima, tumbo na michoro, kilikuwa kinanitazama.

Kwa hiyo juu weka kikubwa na kimoja, au viwili vya kimo tofauti. Kitu cha chini ya sentimita 30 kikiwa mita tatu juu kinafanana na kilichosahauliwa. Vikapu vya Iringa vilivyosukwa kwa milulu vinafaa sana, ni vyepesi na vina umbo. Ungo uliosimamishwa nao unafaa, na kawa za Unguja na Pemba zenye rangi zinazopiga kelele, ambazo kazi yake ni kufunika chakula lakini zikisimama ukutani hakuna picha ya dukani itakayozishinda. Angalizo kwa kawa: jua la dirishani linazifyonza. Yangu ya waridi na kijani sasa ni ya rangi ya maziwa upande mmoja, na imebidi nigeuze upande wa pili utazame sebule.

Kuhusu taa nina msimamo ambao mke wangu anauita ukaidi. Utepe wa taa za LED ndani ya shubaka ni kitu kizuri ukifichwa nyuma ya mdomo wa juu, ukawa wa mwanga wa njano ya taa ya chemli, na waya ukapitishwa ukutani kabla ya lipu. Ukionekana kwa macho, ukawa wa buluu, na waya ukaning'inia kufuata soketi, umejenga baa. Wazee walielewa mwanga wa shubaka kuliko sisi. Kule Husuni Kubwa, Kilwa Kisiwani, jumba la Sultani al-Hasan ibn Sulaiman la karne ya 14, kuna vishubaka vya taa kwenye kuta za ua. Kwenye magofu ya Gedi, Kenya, pia kuta zina vitundu vya taa. Taa haikuwepo ili kukiremba kitundu. Kitundu kilikuwepo ili taa isipeperushwe na upepo wala kupigwa kikumbo na mtoto, na ukuta mweupe wa nyuma yake uurudishe mwanga chumbani.

*

Nilimwita seremala. Nilikuwa nimeamua kuligawa lile shimo, kwa kuwa kulijaza kulishindikana na kuliziba kungetuachia nundu chumbani bila hata faida ya tundu. Nikamchorea: ubao mmoja wa mninga wa kusimama, si katikati, umesogea kushoto; ubao mmoja wa kulala kila upande, zisilingane kimo. Vitundu vinne, hakuna viwili vilivyo sawa. Akaniangalia kwa huruma.

“Mzee, hapa ungeweka kioo na taa za buluu. Ingekaa kisasa.”

Nikamshukuru, nikamwomba anifanyie vilevile nilivyochora. Akafanya, kwa usafi mkubwa, na alipomaliza akakiri kwamba haikukaa vibaya. Ndani nilipaka chokaa nyeupe isiyong'aa, kwa sababu ya Lamu. Binti yangu alitaka buluu ya bahari na sitasema alikosea. Rangi nzito nyuma ya kitu cheupe hukileta mbele, na kama una kaure nyeupe tu, fuata ushauri wake.

Kisha nikafunga safari kwenda Bagamoyo kumwomba mama mkubwa kitu. Nilitaka bakuli. Alinipa dele, lile dele la shaba la kahawa la mume wake, lenye mdomo mrefu na kifuniko kilicholegea. “Bakuli ninalilia,” akasema. Dele likaingia kitundu kirefu cha kushoto kama lililopimwa, limebakiza vidole vinne juu. Kitundu cha chini yake kina vitabu vitano vilivyolazwa, na vifuko vya silika vimetupwa humo dhidi ya unyevu, ile mifuko midogo inayokuja ndani ya viatu vipya, maana pwani yetu kitabu kikikaa ukutani masika mbili huota ukungu kama mkate. Kitundu kidogo cha kulia, kilicho usawa wa mkono karibu na mlango wa korido, nikaweka tochi, kibiriti na mshumaa. Kitundu cha nne sikuweka kitu.

Huo utupu umenigharimu maneno. Kila mgeni anauliza kitakuja nini. Ninawajibu kwa mfano wa Kizimkazi. Pale Unguja, Kizimkazi Dimbani, kuna msikiti wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 1107, yaliyochongwa kuzunguka kibla. Na kibla ni nini kama si shubaka? Ni tundu lililoingia ukutani, lenye tao juu, limerembwa kingo zake zote kwa ustadi ambao fundi wa leo angeomba miezi kuufanya, na ndani yake hakiwekwi kitu. Watu husimama mbele yake na kulielekea. Sifananishi sebule yangu na msikiti, Mungu anisamehe, ila nimejifunza hapo kwamba tundu linaweza kuwa tupu na lisiwe pungufu. Mama mkubwa alipokuja mara ya pili aliliona dele la mumewe, akaligusa kifuniko, akanyamaza. Halafu akaonyesha kidole kitundu cha nne.

“Na hiki?”

“Kinapumzika, mama mkubwa.”

“Haya. Lakini wewe una watoto. Hakitapumzika.”

Juma lililopita umeme ulikatika saa mbili na nusu usiku, tukiwa mezani. Giza likawa lile la kutoonekana kidole. Sikuinuka na kupapasa kama zamani, wala sikuita nani ana simu. Nilihesabu hatua nne hadi mlango wa korido, nikanyoosha mkono wa kulia kwa kimo cha bega, na vidole vikaingia kwenye kitundu moja kwa moja. Vikashika andazi. Lilikuwa limeng'atwa mara moja, na la baridi. Tochi, tuliyoipata baada ya robo saa, ilikuwa imehamishiwa kitundu cha nne, chini ya gari la plastiki lisilo na tairi.